Sevisi ya kwanza ya gari mpya ukiwa Kigoma: wanafanya nini, na nini hakitakiwi kuguswa

Uliza watu watano pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, gari mpya inafanyiwa sevisi lini utapata majibu matano. Mmoja anakwambia kilomita elfu moja, mwingine elfu tano, mwingine elfu kumi, wa nne anasema gari mpya haiguswi mpaka mwaka uishe, na wa tano ni fundi kwahiyo yeye anasema ilete leo leo. Cha ajabu hamna anayedanganya hapo. Shida ni kwamba kuna vitu vitatu tofauti na vyote tunaviita sevisi ya kwanza, ukivitenganisha mambo yanakuwa mepesi.

Kuna ukaguzi wa kilomita 1,000, huu ni wa gari zero kabisa iliyotoka kwa wakala. Kuna sevisi yenyewe ya kumwaga oili, ambayo kutegemea na kampuni na aina ya injini inakuwa kilomita 5,000 au 10,000, au miezi 6 au 12, kinachotangulia ndio hicho hicho. Afu kuna ile ya gari "mpya" ya kwetu wengi, yaani imetoka Japan juzi, kwako ni mpya ila mita inasoma elfu themanini na kitu, hii ina mambo yake na haifuati hesabu za gari zero hata kidogo.

Tuanze na ile ya 1,000 maana ndiyo inayowasumbua watu wa huku zaidi. Gari ukiinunua Dar na ukaamua ije kwa barabara, mpaka ifike Kigoma ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia mbili. Maana yake ule ukaguzi wa kwanza umeshapitiliza kabla hujapeleka gari nyumbani kuonyesha familia. Kwa njia ya Itigi, 1,000 inatimia ukishapita Tabora, hata Malagarasi hujaiona bado. Sio dhambi na gari haifi, ila inatakiwa uongee na muuzaji kabla ya kuchukua funguo, umuulize huu ukaguzi naufanyia wapi, mna fundi wenu anayefika Kigoma au kuna gereji mnayoitambua, na kama nikichelewa kilomita mia tatu nne waranti yangu inakuwaje. Akikujibu kwa mdomo mwambie aandike. Hata ujumbe wa simu unatosha, ilimradi kuna kitu cha kuonyesha baadae.

Kikubwa zaidi kwenye hiyo safari ni namna gari inavyoendeshwa. Injini mpya ring zake na kuta za silinda bado hazijazoeana, zinasuguana mpaka zikae sawasawa, na breki pedi nazo bado hazijashikana vizuri na diski. Vitabu vya Toyota nyingi vinaandika hivi: kilomita 300 za mwanzo usifunge breki za ghafla, 800 za mwanzo usivute tela, na mpaka 1,000 usikimbize kupita kiasi, usikanyage mafuta kwa pupa, usikae gia ndogo muda mrefu, na hiki watu hawakijui, usishikilie mwendo mmoja ule ule kwa muda mrefu. Sasa piga picha dereva wa kukodi anayelipwa kwa safari, anataka alale Tabora leo kesho awe Kigoma, akitoka Manyoni barabara imenyooka anakanyaga mguu hautoki hapo. Na wengine wakishaona nafasi nyuma wanakupakilia na mizigo ya watu njiani. Kama unaweza lete gari yako mwenyewe, au kaa nayo pembeni humo humo. Badilisha mwendo, shuka panda, simama upumzike. 300 zikiisha uko maeneo ya Gairo hivi, hapo breki zimeshaanza kukaa.

Kwenye huo ukaguzi wenyewe hamna kazi kubwa. Wanaangalia kama kuna mahali panavuja, wanapima maji na oili na fluidi ya breki, wanakaza nati za tairi na bolti za chini, wanasikiliza malalamiko yako kama mlango unapiga kelele au usukani unavuta upande. Mara nyingi ufundi haulipiwi. Zamani ilikuwa lazima oili imwagwe hapo kwenye 1,000 kwa sababu vyuma vilikuwa havisagwi vizuri kiwandani kama siku hizi, na mafundi wakubwa kiumri bado wanashikilia hivyo. Kitabu cha gari yako kikisema haina haja basi haina haja, na wewe ukitaka kumwaga kwa amani ya moyo mwaga, hela yako haimdhuru mtu na injini haitalalamika, ila iwe oili sahihi.

Hapo kwenye oili sahihi ndio kwenye ugomvi.

Siku ya sevisi yenyewe, tuseme imefika 5,000, unafika gereji fundi anafungua boneti, anachungulia kwenye mfuniko wa oili au kwenye kitabu anakuta 0W-20. Anaishika ile galoni anaitikisa, anakutazama usoni: "Bosi hii oili si maji hii, kwa jua la Kigoma itaungua, weka nzito." Na anakuonyesha 20W-50. Anasema kwa nia nzuri kabisa, ndivyo alivyofundishwa kwenye magari ya zamani na yale magari yalienda. Lakini hesabu yake ina kasoro. Namba iliyo mbele ya W inaonyesha oili inatiririka vipi injini ikiwa ya baridi, ile ya nyuma inaonyesha uzito wake injini ikishachemka, na inapimwa kwenye nyuzi joto 100. Injini ikishapata moto inakaa huko huko kwenye joto lake iwe uko Kigoma au uko kwenye barafu, rejeta na themostati kazi yao ndiyo hiyo, kwahiyo jua la nje la nyuzi 30 halibadilishi mambo kama tunavyodhani. Injini za sasa zimeachiwa nafasi ndogo sana kati ya chuma na chuma, na ile mitambo ya VVT inayochezesha muda wa valvu inasukumwa na presha ya oili kupitia vitundu vyembamba. Ukimimina oili nzito gari haitakufa siku hiyo, hata mwezi huo. Itakunywa mafuta kidogo zaidi, asubuhi oili itachelewa kupanda juu, na uchakavu utakuja polepole bila kukupigia hodi.

Ila pia usiwe mbishi wa namba moja tu. Vitabu vingi vina jedwali la oili zinazoruhusiwa, unaweza kukuta 0W-20 ndiyo pendekezo la kwanza na chini yake wameruhusu 5W-30. Kwa huku ambako kupata 0W-20 halisi muda mwingine ni kuzunguka maduka, hiyo ya pili ikiwa imeruhusiwa kwenye kitabu basi chukua bila wasiwasi. Mwambie tu fundi "kaka, tufuate kitabu kwa sababu ya waranti", hiyo kauli inamaliza mjadala bila kumvunjia heshima.

Oili nunua wewe mwenyewe, ikiwa imefungwa, kwenye duka ambalo ukirudi kesho utalikuta. Ikishamiminwa omba galoni lako tupu ulitoboe, usiliache gereji zima zima. Magaloni mazima ya oili zenye jina yana wateja wake, yanajazwa vitu vingine yanarudi mtaani yakiwa yamependeza.

Wakati inamwagwa kaa pale pale, usiende kunywa chai. Injini iwe ya uvuguvugu ndio oili inashuka yote pamoja na uchafu wake. Oili ya kwanza ya gari zero ukiitia kidoleni ukaisugua juani unaweza kuona vimeremeto vidogo sana kama unga, hiyo ni kawaida ya vyuma vinavyozoeana. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha simamisha kila kitu, piga picha, mpigie wakala. Rangi nyeusi isikutishe hasa kwa dizeli, dizeli unamwaga leo kesho kutwa imeshakuwa nyeusi, ni masizi tu, haimaanishi umeuziwa feki.

Afu tazama vitu viwili ambavyo fundi mwenye haraka anaviruka. Ile nati ya kumwagia oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ina washa yake laini ambayo ikishabanwa mara moja inakuwa imelala, inatakiwa iwekwe mpya, ni kitu cha hela ndogo sana lakini wengi wanarudisha ile ile afu inaanza kutoa jasho la oili, wakiona inavuja wanazidi kukaza mpaka uzi wa sampu unakufa. La pili ni filta ya oili. Filta ya zamani ikitoka hakikisha imetoka na mpira wake, maana kuna wakati mpira unabaki umeganda kwenye injini, fundi anafunga filta mpya juu yake, inakuwa mipira miwili inabebana, gari inawaka vizuri, unaondoka unapiga honi, ukifika Ujiji oili imeshamwagika barabarani. Filta mpya inapakwa oili kidogo kwenye mpira, inafungwa kwa mkono ikigusa inaongezwa kama robo tatu ya mzunguko, basi. Haihitaji spana ya mita nzima.

Kipimo nacho. Galoni ni la lita 4 lakini injini yako sio lazima ichukue lita 4. Injini ya 1NZ ile iliyojaa kwenye IST inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, wakati Hilux ya dizeli ya 1GD inakula kama 7.5. Fundi akimimina galoni lote mpaka tone la mwisho "isibaki bosi", kwenye 1NZ umeshapita alama ya juu. Weka kwa awamu, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano gari ikiwa sehemu tambarare, chomoa kile kijiti ufute upime upya, iwe katikati ya alama mbili au ikaribie ya juu. Kilichobaki weka kwenye buti.

Baada ya oili sehemu kubwa ya sevisi ya kwanza ni kukagua tu, na hapo ndipo mtu anahisi kaibiwa maana anaona fundi anashika shika anaacha. Breki zinafunguliwa vumbi linapulizwa, pedi zinaangaliwa. Tairi zinajazwa upepo kufuata ile karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, sio kufuata mazoea ya mjaza upepo, na zipimwe zikiwa za baridi. Betri vichwa vyake vikazwe. Mikanda, mipira ya rejeta, mpira wa stiaringi, shokapu kama zinavuja, taa zote. Alaimenti hamna haja kama gari haivuti upande na tairi hazijaanza kula pembeni.

Eya klina ndiyo ya kuisimamia kwa nguvu huku kwetu. Lile vumbi jekundu la barabara za vijijini, ukiwa unatoka toka kwenda kwenye shamba la michikichi au unafuatana na malori, linajaza filta ndani ya muda mfupi sana kuliko kilichoandikwa kwenye kitabu. Fungua uitoe uigonge taratibu, ipulizwe kutokea upande wa ndani kwenda nje na upepo usiwe mkali, usiioshe na maji ile ya karatasi. Ukiinyanyua kwenye mwanga huoni kitu upande wa pili, weka mpya. Na filta ya AC iliyo nyuma ya droo ya mbele ya abiria iangaliwe siku hiyo hiyo, watu wanakaa miaka hawajui kama ipo, wanalalamika tu AC haipulizi.

Kwa wenye dizeli, kuna kazi ya kumwaga maji yanayojikusanya chini ya filta ya dizeli. Ni dakika chache, kuna kijifunguo pale chini kinalegezwa maji yanatoka mpaka dizeli safi ionekane. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi usiseme nitafika kwanza, maji yakipita kwenye pampu na nozeli za kisasa gharama yake utaijadili kwenye kikao cha ukoo.

Sasa visivyotakiwa, maana gereji nyingi ukisema tu sevisi wanaandika orodha ndefu. Plagi za iridiamu zinaenda mpaka kilomita 100,000 hivi, kwenye 5,000 hazina shida yoyote. Kulanti, yaani maji ya rejeta, ya kiwandani inakaa miaka mingi, inapimwa tu, na ikipungua isiongezwe maji ya bomba. Kuosha nozeli, kumimina dawa ya kuflashi injini, kubadilisha haidroliki ya gia boksi, vyote hivyo havipo kwenye sevisi ya kwanza ya gari zero. Fluidi ya breki inabadilishwa kwa muda, wengi wanaandika kila miaka 2, kwa sababu inanyonya unyevu hata gari ikiwa imepaki. Mtu akikushikia bango mwambie nionyeshe kwenye kitabu ukurasa gani.

Tukirudi kwenye kilomita na miezi. Kuna watu gari yao ni ya kwenda ibadani na sokoni, mwaka mzima haijafika 4,000, wanasema bado. Kitabu kinasema kinachotangulia, yaani miezi ikiisha sevisi imefika hata kama mita iko chini. Tena safari fupi fupi za Mwanga mpaka Lumumba zima washa zima washa ni mbaya kwa oili kuliko safari ya Kasulu, kwa sababu injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli inayochuruzika kwenye oili. Kwenye vitabu kuna sehemu imeandikwa matumizi magumu: vumbi, mzigo mzito, safari fupi, kuunguruma umesimama muda mrefu. Ukisoma hiyo sehemu unaona kama walikuja Kigoma kabla ya kuandika. Kama ya kawaida ni 10,000 basi ya matumizi magumu mara nyingi ni nusu yake, na mimi kwa gari yoyote inayoona vumbi kila wiki nashika 5,000 bila kubishana.

Waranti nayo sio kitu cha hewani, ni makaratasi. Kitabu cha sevisi kigongwe muhuri kiandikwe tarehe, kilomita, na oili aina gani, afu chukua risiti ya EFD ya oili na filta uipige picha maana wino wake unafifia. Ikitokea injini imeleta shida mbeleni wakala wa kwanza anachouliza ni hicho, na kama umefanyia nje ya gereji yao bila makubaliano jiandae kwa maneno mengi. Ndio maana yale mazungumzo ya mwanzo ya nani atafanya sevisi Kigoma yanatakiwa yawe kwenye maandishi.

Haya, gari ya Japan. Hapa sahau habari ya kusubiri 5,000. Hujui oili iliyomo ni ya lini, kwahiyo ikifika inamwagwa oili, filta zote mpya, na maji ya rejeta na fluidi ya breki vinaangaliwa kwa jicho la mashaka. Kabla hujaosha na kubandua stika, fungua mlango wa dereva na boneti, Wajapani wana tabia ya kubandika kikaratasi cha oili ilimwagwa lini na kwenye kilomita ngapi. Simu inatafsiri, ila ujue miaka yao wanaandika kwa enzi, R5 ni 2023, H30 ni 2018. Kule gari ya binafsi inakaguliwa kisheria ikifika miaka 3 afu kila miaka 2, kwahiyo nyingi chini ziko vizuri kuliko unavyofikiri, kinachokuwa kimezeeka ni mipira na tairi. Tairi ina namba nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na ukikuta zimeandikwa STUDLESS hizo ni za barafu, mpira wake laini, kwenye lami ya moto zinaisha haraka na kwenye mvua hazina msaada.

Gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua hatua) iwekewe fluidi yake ya CVT tu, ukiwekewa haidroliki ya kawaida umeiua. Na fundi akikwambia ubadilishe mkanda wa taiming wa IST mkatalie, 1NZ inatumia cheni. Injini kama 1KD ya dizeli ndiyo yenye mkanda, hiyo usipoonyeshwa ushahidi umebadilishwa lini, badilisha.

Kabla hujaondoka gereji hakikisha ile taa ya kukumbusha sevisi imerudishwa sifuri. Ile taa haionji oili, inahesabu kilomita tu, kwahiyo isiporudishwa itawaka wakati usiotakiwa utapaniki bure, na ikirudishwa bila oili kumwagwa itakudanganya. Asubuhi yake chungulia chini kabla ya kuwasha, tone lolote jipya rudi nalo kwa fundi. Na kama tairi zilifunguliwa, ukienda Kasulu na kurudi tu zikazwe tena zile nati, kwa Toyota ndogo nyingi kipimo cha nguvu ya kukaza ni Nm 103, fundi mwenye spana ya kupima anajua, asiye nayo atakwambia anajua kwa mkono.